Nne Ilitoka Mbili

Ujumbe uliingia kwenye kundi la darsa letu jua limeshachomoza, mimi bado nimekaa juu ya msala na tasbihi mkononi. "Bi Nusu wa Sib ametangulia mbele ya haki. Maziko leo baada ya adhuhuri. Tumuombee dua." Nikasema yale tunayofundishwa kuyasema, nikaukunja msala, nikaenda jikoni. Mjukuu wangu Ilham alikuwa mezani na kompyuta yake ya skuli, mkate umelowa kwenye chai kwa kusahauliwa. Nikampa habari. Alimjua marehemu, kwani kila Idi tulikuwa tukienda naye Sib, nje kidogo ya Maskati, kuchukua kofia walizoshonewa kaka zake. Akaniuliza bila ya kuinua macho, "Bibi, kwani Nusu ndo jina lake?" Nikamwambia jina lake Rahma, hilo lilikuwa la utani tu. "Utani wa nini?" Nikafungua friji nikajifanya natafuta maziwa, na maziwa yako mezani mbele yake.

Haukupita muda simu ikalia. Alikuwa Maryam, binti yake Rahma, sauti imemkauka. Alisema mama yake ameacha wasia kwamba nimwoshe mimi. Si mimi na wengine. Mimi niongoze, wengine wanishikie maji. Nikamwambia nakuja. Simu niliiweka ukingoni mwa meza, Ilham akaisogeza isianguke.

Mimi nasomesha wanawake dini kwa zaidi ya miaka thelathini, na Mwenyezi Mungu amenipa afya, watoto, hija mbili, na subira ya kukaa na watu. Namshukuru kwa yote. Ile aya inayotukataza kuitana majina ya kejeli nimeifasiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mara nyingi nimeifasiri Rahma mwenyewe akiwa mbele yangu, kwenye safu ya pili karibu na dirisha, enzi zile miguu yake bado ikimruhusu kutoka Sib kuja darsani. Darsa ikimalizika kahawa ilipitishwa, nikasikia wanawake wale wale wakisema, mpe na Bi Nusu tende. Naye akaipokea tende. Wala sikusema kitu, kwa sababu kulikataza jina lile kungenilazimu kueleza lilikotoka. Sasa nimeulizwa na mtoto wa miaka kumi na tatu, na friji haiwezi kuwa jawabu.

Sitaeleza hapa tulikotoka wala tulivyofika Maskati. Kila ukoo wetu una hadithi yake ya kufika, na zote zinafanana. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili.

Chumba chetu kilikuwa Wattaya, ghorofa ya pili, juu ya duka la magari. Idara ya serikali iliyotuchukua kwa mafunzo haikuwa na nafasi kwenye jengo lake, ikakodi huko. Chini, nyuma ya vioo, kulikuwa na mtu kazi yake kuyafuta magari mapya kwa kitambaa cha njano tangu asubuhi, na yalipokwisha alianza tena la kwanza. Juu tulikuwa sisi, wasichana sita na mashine tatu. Kiyoyozi kilipigwa mpaka meno yakagongana, kwa sababu mwalimu wetu, Ustadh Kamal, Msudani mrefu wa sauti ya chini, aliamini kwamba mashine ikipata joto husahau. Tulivaa sweta chini ya abaya mwezi wa Julai. Maandishi yalikuwa ya kijani juu ya kioo cheusi, na lugha tuliyofundishwa kuiandikia mashine iliitwa BASIC, iliyotengenezwa makusudi kwa wanaoanza. Uliandika neno la kuiamuru ionyeshe, ukafuatisha hesabu yako, jawabu likatoka hapo hapo. Kujumlisha na kutoa zilikuwa alama zile zile za skuli; kuzidisha ilikuwa nyota; kugawa, mstari wa mshazari. Na kipeo, yaani namba kuzidishwa kwa yenyewe mara kadhaa, alama yake ilikuwa kipembe kidogo kilichoelekea juu. Sisi tulikiita kofia. Mbili kofia tatu ni nane. Tatu kofia mbili ni tisa. Siku hizi Ilham anaandika nyota mbili mahali pa kofia, kwenye lugha nyengine iitwayo Python, lakini nikimsikia akijisomea naona mengi hayakubadilika.

Ustadh alisomesha kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza, na sisi tukatafsiriana kwa Kiswahili chini chini. Kiarabu chetu wakati ule kilikuwa kibovu. Chumba cha pili walikaa wapiga taipu, wasichana waliozaliwa hapa, na mmoja wao alikuwa na mazoea ya kuniita kila asubuhi nirudie salamu yangu ili wenzake wasikie nilivyoisema. Walicheka kwa adabu, wamejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikirudi chumbani kwetu na kicheko kile kimenikaa kifuani, nilitafuta mtu wa kumpa. Sisi watano tulikuwa hivyo, sote wa Unguja. Wa sita alikuwa Rahma, na Rahma alitoka Tabora.

Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, sweta la kijivu lililompwaya mpaka likafunika vidole. Kiswahili chake kilikuwa cha bara na hakuona sababu ya kukificha. Wakati wa mapumziko tulikaa chumba cha chai, penye jiko la umeme na meza moja, kila mtu na alichokuja nacho: mandazi, sambusa, mkate wa kumimina. Rahma alikuja na kibakuli cha kisamvu kilichopikwa kwa karanga, au maharage. Shamsa, aliyekuwa mkubwa wetu kwa ulimi si kwa umri, alikuwa akiinua kifuniko kwa kidole kimoja. "Leo maharage tena? Shoga, sisi kwetu tuna maharagwe. Haya maharage sijui ndo mdudu gani." Sote tukacheka, na mimi nikicheka kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naitwa kurudia salamu. Rahma alitabasamu, akakisogeza kibakuli katikati ya meza, akasema karibuni. Kila siku, mwaka mzima, alisema karibuni, na hakuna aliyenyoosha mkono. Siku moja walipotoka wote nilionja kisamvu kile kwa ncha ya kijiko. Kilikuwa kitamu. Kesho yake nikacheka kama kawaida.

Kwenye hesabu lakini hatukumfikia. Alisoma hesabu kwa Kiswahili, kwa mwalimu aliyewapiga kwa kila kosa, na mambo yalimkaa kichwani kama sura fupi za Qurani zinavyotukaa sisi. Yeye ndiye aliyetufafanulia tofauti ya kipeo na kipeuo, kwamba kipeo unapanda na kipeuo unarudi ulikotoka: kipeo cha pili cha tatu ni tisa, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Shamsa alimsikiliza mpaka mwisho kisha akapepea mikono miwili kama mbawa. "Kipeo, kipeuo, kipepeo." Tangu hapo Rahma akawa Kipepeo, na Ustadh Kamal, asiyejua Kiswahili, akafikiri ni jina la ukoo.

Tulikaa wawili wawili kwenye mashine, na mimi nilipangwa na Rahma. Kwa hiyo nilijua mambo yake. Baada ya Ramadhani Ustadh alitutangazia kwamba idara ina nafasi moja ya kuandika programu. Mtihani utakuwa mwisho wa mwaka mbele ya mkuu wa kitengo, na watano watakaobaki watarudishwa makao makuu kuingiza namba za fomu. Siku ile ile, tukingoja gari la idara chini, nyuma yetu magari yanang'aa, Rahma aliniambia kwamba kaka yake amempa mwaka ule tu. Akipata nafasi ya programu, atamwacha afanye kazi. Kuingiza namba hataki kusikia, anasema hiyo si kazi ya kumtoa mtoto wa kike nyumbani. Na kuna mtu Sib amepeleka posa, mtu mzima, ana mke na watoto wakubwa. "Nikikosa nafasi hii, Zuwena, nimekwisha," alisema, na akacheka kidogo, kama mtu aliyesema neno kubwa kuliko alivyokusudia. Nilimwambia Mungu mkubwa. Nilikuwa nahesabu kichwani: wanne wale hawataweza. Kati yangu na nafasi ile yuko huyu mmoja.

Mwezi kabla ya mtihani Rahma alikosekana siku mbili, kwa kufuatilia karatasi za uraia na kaka yake. Ndiyo siku ambazo Ustadh alisomesha jambo moja dogo. Mashine ilikuwa na neno lake la kutafutia kipeuo, lakini yeye alilikataza. Alitaka tukitafute kwa kofia. Rahma alishatuambia sote kwamba kipeuo cha pili ni sawa na kupandisha namba kwa kipeo cha nusu. Ni kweli, lakini kwenye karatasi ile nusu unaiandika ndogo, inakaa juu peke yake. Kwenye mashine kila kitu kiko mstari mmoja. Ukiandika namba, kofia, moja, mshazari, mbili, mashine hushika kofia kwanza na kuchukua ile moja tu, na namba yoyote kwa kipeo cha moja ni ile ile; kisha ndiyo inagawa kwa mbili. Ulitaka kipeuo, unapewa nusu. Dawa yake ni kuifunga moja ya mbili ndani ya mabano.

Ustadh akatuonyesha kwa kuanza na nne, bila ya mabano. Ikatoka mbili. Akatuuliza sawa? Tukasema sawa, kipeuo cha nne ni mbili. Akaandika tisa. Ikatoka nne na nusu. Akasema kwa Kiarabu, polepole ili tuandike, kwamba nne inadanganya, kwa sababu nusu yake na kipeuo chake ni kitu kimoja, na mtu asijaribu kazi yake kwa nne. Niliandika maneno yale kwa kalamu nyekundu na kuyapigia mstari.

Rahma aliporudi aliniomba daftari. Nilikuwa nalo kwenye mkoba, limelala juu ya paja langu. Nikamwambia nimelisahau nyumbani, lakini mbona ni jambo dogo, nitamwonyesha mwenyewe. Nikavuta kibodi. Nikaandika nne, kofia, moja, mshazari, mbili. Ikatoka mbili, ya kijani, safi, peke yake juu ya kioo cheusi. Rahma akafurahi kwa namna ambayo nikifumba macho naiona hadi leo. Alisema, "Kumbe ni vile vile kama karatasini." Kisha, kwa kuwa alisoma vizuri na mtu aliyesoma vizuri hajaribu mara moja, akanyoosha mkono. "Ngoja nijaribu tisa." Kidole chake kilikuwa juu ya tisa. Nikanyoosha mkono wangu nyuma ya mashine nikaizima. Nikamwambia Ustadh anataka kufunga chumba. Ustadh alikuwa bado kwenye sala ya adhuhuri, jambo ambalo Rahma hakulijua, na mimi nililijua. Akaniambia, "Ahsante, dada."

Nimeishi na kidole kile. Watu wengine humsingizia shetani kwa mambo kama haya, na mimi nimewahi kufanya hivyo kwenye dua zangu, nikaona dua yenyewe inaona haya. Hapakuwa na mtu aliyenisukuma. Nilikuwa na utulivu kamili, kama ninavyokuwa nikitia uzi kwenye sindano.

Mtihani ulikuwa wa karatasi, kwa sababu ya uchache wa mashine. Kila mtu aliandika programu yake kwa mkono, kisha Ustadh akaziingiza mwenyewe, moja moja, sisi tumesimama nyuma na mkuu wa kitengo amekaa kwenye kiti alicholetewa. Swali lilikuwa kiwanja cha pembe nne, upande mmoja mita sita na wa pili nane. Tafuta umbali wa kukikata kutoka pembe hadi pembe. Sita kofia mbili ni thelathini na sita, nane kofia mbili ni sitini na nne, jumla mia, na kipeuo cha mia ni kumi. Wale wanne hawakufika mwisho. Yangu ilitoka kumi. Ya Rahma ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko yangu, kila mstari umenyooka, na ilitoka hamsini.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mnene mwenye furaha. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema kwa Kiarabu kwamba kiwanja cha sita kwa nane ukikikatisha upate hamsini basi nyumba hiyo sebule yake iko hapa na jiko liko baharini. Akauliza amefanyaje huyu binti. Ustadh, uso umemwanguka, kwani alimtarajia yeye, akajibu neno moja: amekata nusu. Rahma alikuwa anakitazama kioo. Kisha Kiarabu chote kikamkimbia, akasema kwa Kiswahili, "Nne ilitoka mbili."

Ustadh hakuelewa. Akanigeukia mimi, mwenzake wa mashine. "Anasema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya pili, na Mwenyezi Mungu aliniwekea mbele ya watu saba ili nisije nikasema sikuiona. Nikajibu kwa Kiarabu kizuri, kisichochekwa na mtu siku ile, "Anasema amesahau."

Rahma alikuwa na Kiarabu kidogo, lakini neno la kusahau hujifunzwa mapema. Alinitazama. Sikuona hasira. Alivuta mikono ya sweta mpaka vidole vikazama ndani, akarudi nyuma hatua moja. Nilijiambia palepale kwamba hakuelewa nilichosema, na nilijiambia hivyo kwa miaka mingi.

Jina la Nusu lilitoka kinywani mwa Shamsa kabla hatujashuka ngazi, na lilimfaa kwa kila upande: nusu ya mia, nusu Mwarabu, nusu mtu. Lakini Shamsa alilisema Wattaya tu. Mimi ndiye niliyelipeleka Sib. Rahma aliolewa baada ya miezi mitatu, tukaalikwa, na ndani ya chumba cha wanawake, mke mkubwa wa bwana harusi aliniuliza mwenzake huyu mpya ni mtu wa namna gani. Nikamsimulia kisa cha kiwanja, nikakitia chumvi, nikamwiga mkuu wa kitengo akishika tumbo. Chumba kizima kilicheka. Bibi harusi alikuwa amekaa juu ya zulia hatua nne kutoka kwangu, hina bado haijakauka vizuri viganjani, macho chini kama bibi harusi anavyotakiwa. Kabla biriani halijapakuliwa mke mkubwa alikuwa keshamwita Nusu, na watoto wa nyumba wakafuata.

Kwa kazi niliyoipata siku ile nilikaa ofisini mpaka kustaafu, nikasomesha wanangu, nikaenda hija. Rahma alishona kofia. Kazi yenyewe inajulikana, kutoboa kitundu kwa sindano na kukizungushia uzi, mamia kwa mamia kwenye kofia moja, na za kwake zilitafutwa kwa sababu mapambo yake yalikwenda kwa hesabu, hayakupotea hata mahali yanapokutana nyuma. Shamsa, tulipokutana mara moja harusini, alisema kofia ya mashine ilimshinda, kashika ya sindano. Nilicheka. Nilikuwa na miaka arubaini, nasomesha darsa, na nilicheka.

Nilimwosha asubuhi ile Sib kama alivyousia. Walikuwapo wanawake wawili wa kunimiminia maji ya mkunazi. Yanayoonekana pale ni amana na siyasemi, isipokuwa ncha za vidole vyake, ngumu na zenye vitone kama zimechapwa. Nilivipitisha maji kimoja kimoja. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia nilikaa nacho muda mrefu mpaka mmoja wa wale wanawake akauliza kama nimechoka. Nilisoma yote yanayosomwa. Neno moja nililolijia, la kumtaka radhi, nimelibeba tangu nyumbani kwangu Khuwair njia nzima, sikulisema. Nikamfunika.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipokwisha kuondoka na sahani za halwa zimekusanywa, nilimfuata Maryam chumbani kwa mama yake. Alikuwa anakunja kofia ambazo hazijamalizika. Nimewasomesha watu kwamba haki ya Mungu husamehewa kwa toba, lakini haki ya mja husubiri mja mwenyewe aridhie, na mja huyo tulikuwa tumemzika. Nilikuwa nimebakiwa na binti yake. Nikaanza, "Mwanangu, nna jambo langu na mama yako."

"La mtihani?" akauliza, bila ya kuacha kukunja.

Nikakaa juu ya kitanda.

Aliniambia kwa upole, kama anayemsomea mgonjwa. Mama yake alijua siku ile ile. Alirudi nyumbani akachukua karanga tisa, akazipanga sakafuni tatu kwa tatu, na hicho ndicho kipeuo. Kisha akazigawa nusu, ikambidi aivunje moja. Alipoivunja ile karanga akajua nilichomfanyia, na akajua kwa nini mashine ilizimwa. Hakumwambia kaka yake, kwa sababu kaka yake angesema ndio hivyo, pwani watu hawaaminiki, olewa. Angeolewa vile vile.

"Kila Idi mlipokuja," Maryam akasema, "alikuwa akiniambia niwatoe watoto wote, nifunge mlango, nisirudi mpaka aniite. Nikidhani mna siri zenu. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza, akasema, nampa nafasi. Kila mwaka, Bi Zuwena. Wewe unakula halwa, unazisifu kofia, unasema Mungu akuzidishie, unaondoka."

Nikamuuliza kuhusu wasia.

"Alisema pengine mkiwa pamoja, naye hawezi kukujibu, utaweza kulisema."

Nje mtu alikuwa anaburuta viti vya matanga kuvirudisha garini. Kisha nikauliza lile lililonileta, kama alinisamehe.

Maryam aliiweka kofia ya mwisho juu ya nyengine akazisawazisha kwa viganja viwili. "Nilimuuliza hilo pia. Alisema, 'Hajaniomba.'"

Sikumlilia. Nilimshukuru kwa kuniambia, akanisindikiza mpaka mlangoni na kunipa kofia moja, ndogo, ya mjukuu wangu wa mwisho, akasema alikwisha kuimaliza kabla ya kuugua. Kwenye gari nilifungua simu kumtumia mwanangu ujumbe kwamba narudi, nikapita kwenye jina la Rahma. Nililiandika mwenyewe miaka ile tuliponunua simu za kwanza, na nimelihamisha kutoka simu hadi simu. Nusu Sib. Nikalifuta na kuandika Rahma, kazi ya nukta chache tu.

Nyumbani Ilham alikuwa pale pale mezani. Alikuwa na zoezi la skuli: tafuta kipeuo kwa alama ya nyota mbili. Akaniita kwa fahari nione. Aliandika nne, nyota mbili, moja, mshazari, mbili, na kioo cheupe kikatoa mbili. "Imekubali, Bibi," akasema, na mkono wake ukashika kifuniko cha kompyuta akifunge.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, na kofia ya Rahma nikaiweka mezani baina yetu.

"Jaribu tisa," nikamwambia. "Kisha nitakwambia utani wa nini."